Kampuni Kubwa Ikikuzibia Njia, Anza na Mkataba Wake

Kijana mmoja wa Bungoma ameniandikia. Ana programu nzuri ya mauzo na stoki, lakini kila duka analoingia tayari lina mfumo wa kampuni kubwa. Anauliza atapenyaje. Najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, kwa hivyo nawajibu wote.

Mimi nauzia programu kama hiyo maduka ya agroveti, yale ya pembejeo na dawa za mifugo, hapa Nakuru, kuanzia barabara ya Mburu Gichua hadi Njoro. Kuna msimu kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilininyang'anya karibu nusu ya wateja. Programu yao haikuishinda yangu, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Walimpa mwenye duka mashine ya risiti bure, kisha mkataba ukamkataza kutumia mfumo mwingine kwa miaka 3, na rekodi zake za mauzo zikabaki kwao. Mama aliyekuwa mteja wangu wa kwanza aliniambia, "Mwanangu, nimeshatia sahihi." Inaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata sitawachosha nao. Nilisoma Sheria ya Ushindani ya 2010, hasa kifungu cha 24. Ukubwa wenyewe si kosa. Kosa ni kuutumia vibaya. Anayeshika nusu ya soko au zaidi anahesabiwa kuwa mtawala wa soko. Chini ya hapo, kuna kubishania nguvu zake sokoni, na ubishi huo una gharama.

Mnakumbuka mawakala wa M-Pesa walivyokatazwa kuhudumia mitandao mingine? Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na 2014 Safaricom ikawaachilia mawakala. Je, M-Pesa ilianguka? Wapi! Mkataba uliondoka, lakini watu walibaki, kwa kuwa kila unayetaka kumtumia pesa yuko hukohuko. Marekani ni vivyo hivyo. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndiyo injini ya utafutaji inayokuja na simu. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google imevunja sheria; mwaka uliofuata akapiga marufuku mikataba ya kufungia wengine nje, ila akakataa kuilazimisha iuze Chrome. Sheria hukata kamba ya mkataba. Mazoea ya mteja haiyagusi.

Kwa hivyo, ndugu zangu, acheni kulia "monopoli, monopoli" kila mnapokataliwa. Muulize mwenye duka kinachomshika kule: ni mkataba, ni rekodi zake, au anaupenda mfumo? Kama anaupenda, nenda katengeneze bora. Kama ni mkataba, omba kuuona, andika tarehe unapokwisha, urudi kabla ya siku hiyo. Narudia: rudi kabla, si baada. Na ukiona kampuni imeshika soko zima na mikataba ya aina hiyo, malalamiko yapeleke kwa Mamlaka. Vijana wetu wanapenda kulalamika kwenye mtandao wa X tu.

Mwezi uliopita maduka kadhaa yamerudi kwangu, mikataba yao ikiwa imeisha. Nililala macho nikiingiza mauzo yao kutoka kwenye risiti za karatasi, moja moja, kwa vile kule hawakupewa kitu. Mkataba wangu unasema mteja akitaka kuondoka, rekodi zake zote anapewa siku hiyohiyo kwenye faili la Excel. Wapo waliokwisha kuondoka, na mmoja ana deni langu bado.