Usimbandike mama umeme shingoni kabla hajapigwa picha ya kumeza

Mkuu, usimlipe huyo jamaa! Unaulizia bei ya mashine ya umeme ya kusisimua misuli ya shingo, mama ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa), anapaliwa na chai na sauti imefifia. Nani ameangalia anamezaje?

Mzee wangu alianza hivyo hivyo. Tukaletewa "mtaalamu", koti jeupe limepigwa pasi, akasema misuli imelala na umeme utaiamsha. Malipo kabla ya huduma, kama bando. Nikalipa. Mzee anabandikwa pedi, shingo inacheza, sisi tunashangilia. Baada ya muda akaacha kukohoa wakati wa kula, tukasema kapona. Kumbe uji na mate vinashuka mapafuni na mwenyewe hashtuki, maana Parkinson hufifisha hata ile hisia ya kukohoa. Yule koti jeupe akatupongeza! Kilichofuata ni nimonia, oksijeni, mpira wa kulishia puani, na bili iliyolipwa na shamba letu la Mkuranga. Siku hizi nikipita pale nasalimia miembe tu, mwenyewe mpya ananiona chizi.

Wodini ndipo alipopewa bariamu, kile kinywaji cheupe kinachoonekana kwenye eksirei, anywe huku eksirei inachukua picha zinazotembea. Kila funda la maji, kiasi kinateleza kwenye njia ya hewa. Kipimo hicho kingefanyika mwanzo, shamba lingekuwepo.

Halafu nikaja kusoma kwamba umeme ukipita pale mbele ya shingo mtu akiwa ametulia, unaweza kulivuta koromeo chini, wakati kumeza kunalitaka lipande. Uholanzi walilinganisha wagonjwa wa Parkinson, mazoezi ya kawaida ya kumeza peke yake na mazoezi pamoja na umeme, wakachapisha 2012: tofauti ilikuwa ndogo sana. Koti jeupe hilo hakulitaja, ng'o.

Kwa hiyo picha ya kumeza kwanza, iwe ya bariamu au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Ndiyo ilituonyesha kwamba mzee akiinamisha kidevu na kunywa vitu vizito, haviingii kwenye njia ya hewa. Mama yako huenda akahitaji kingine kabisa, usiige. Na ale wakati levodopa, dawa ya Parkinson, imeshakolea, sio imeisha nguvu.

Muuzaji wako mwombe ripoti ya picha ya kumeza ya mama kabla ya kutaja hela. Akikurushia video za wateja "waliopona" WhatsApp, mblock.