Programu ya zamani haikukosea, nilikosea mimi

Jumamosi iliyopita nilipandisha kerneli mpya, yaani moyo wa mfumo wa Linux, kwenye seva iliyoko Nakuru, nikiwa kwangu Kisumu, miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu ya joto. Programu iliyojengwa mwaka 2017, ambayo mwandishi wake alishaacha kazi na msimbo wake haupatikani popote, iliamka, ikaomba kadi yake ya video, ikapewa, ikaendelea kunasa picha kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipiga kelele. Mke wangu akauliza kama Gor wamefunga.

Kwa mtu wa kawaida hiyo si habari. Lakini wewe unayesoma hapa nakujua: unataka siku moja kiraka (marekebisho ya msimbo) chenye jina lako kiingie ndani ya kerneli, na unadhani kazi ngumu ni kuongeza kitu kipya. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mwaka 2021 nilikuwa na kiburi kuliko ujuzi. Kazini tulikuwa na moduli yetu wenyewe, kipande kinachochomekwa kwenye kerneli, ya kukabidhi kadi za video kwa mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tupu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Kukabidhi maana yake mashine pepe haipewi kadi ya kuigiza, inapewa kadi yenyewe, huku IOMMU, kifaa kinachosimamia kadi ifikie wapi, ikilinda kumbukumbu ili kadi isiandike pasipo pake. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na VFIO, sehemu ya Linux iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, lakini moduli yetu niliikuta, na hakuna aliyetaka kuigusa. Mimi nikataka.

Tatizo lilikuwa intarapti, ishara ambayo kifaa hutuma kuomba kihudumiwe. Kadi zile zilikuwa za zamani, zinatumia laini moja inayoshirikiwa na vifaa vingine, na intarapti ya aina hiyo ni kama mtoto anayelia: hanyamazi mpaka anyonyeshwe. Sasa, maziwa yako kwa draiva, programu inayoendesha kadi, iliyo ndani ya mashine pepe. Kerneli ya nje haina la kufanya ila kuifunga laini, kupeleka habari ndani, kisha kungoja. Ingoje mpaka lini? Lazima pawe na njia ya pili, ya kurudisha habari kwamba mtoto ameshanyonya, laini ifunguliwe. Moduli yetu haikuwa na njia hiyo, ikikisia kwa kipima muda, na picha zilikuwa zikirukaruka.

Muundo wa data uliokuwa ukipokelewa kutoka kwa programu ulikuwa na sehemu 3: namba ya eventfd (faili ya kupelekea habari), namba ya laini, na flagi (biti za kuwasha na kuzima). Baiti 12. Nikaongeza sehemu ya nne kwa ajili ya njia ya kurudi. Zikawa 16. Nikajenga upya programu yangu ya majaribio, picha zikatulia kama maji ya ziwa alfajiri. Nikajisifu kwenye kikao, nikapigiwa makofi. Siku mbili baadaye tukasambaza.

Saa nane usiku simu ikalia. Seva za Nakuru hazinasi chochote. Kwenye logi palikuwa na kosa moja tu, ENOTTY, yaani kerneli inasema amri hiyo haiijui. Ilikuwaje amri iliyokuwapo kwa miaka minne isijulikane? Kwa sababu namba ya ioctl, yaani ya amri ambayo programu huipa kerneli, ikitengenezwa kwa makro za kawaida kama _IOW, hubeba ndani yake ukubwa wa muundo. Nilipotoka baiti 12 kwenda 16 nilibadilisha namba yenyewe bila kujua. Programu ya 2017 ilikuwa inabisha mlango ambao nilikuwa nimeuziba kwa matofali.

Nikapanda matatu ya alfajiri. Awasi, Kericho, Mau Summit, Salgaa, sikuona hata kimoja, nilikuwa nimeinamia kompyuta mapajani nikiandika marekebisho. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu nililiona kuwa ni werevu. Nikarudisha muundo wa baiti 12 na namba yake ya zamani, kisha nikasema: biti ya kwanza ya flagi ikiwashwa, kerneli isome baiti 4 zaidi baada ya muundo. Programu ya zamani haiijui biti hiyo, kwa hiyo haitaiwasha. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu, ikafanya kazi. Nilijaribu kwenye seva ya kwanza Nakuru, ikafanya kazi. Seva ya pili ikagoma kwa EBADF, yaani namba ya faili isiyofaa.

Ilinichukua mpaka jioni kuelewa. Mwandishi wa programu ile hakuwahi kuandika sifuri kwenye flagi. Aliiacha na takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu, na hakuadhibiwa, kwa sababu moduli yetu haikuwahi kuitazama flagi hata siku moja. Kwenye mashine mbili takataka hiyo ilikuwa na biti ya kwanza iliyozimwa. Kwenye ya tatu iliwashwa, na kerneli yangu ikachukua uchafu uliofuata ikaufanya namba ya faili.

Kikao kilichofuata sitakisimulia chote. Niliambiwa mbele ya watu, akiwemo kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kuandika moduli ya kwanza, kwamba nilicheza na mali ya mteja. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mradi. Mimi nikapelekwa kubadilisha nywila za wafanyakazi kwa miezi 7. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini waliopiga makofi wiki ile hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza kama nimejaribu na programu ya zamani, na jambo hilo bado linanikera mpaka leo.

Katika miezi hiyo 7 nilisoma. Nikakuta tatizo langu lilelile, la mtoto anayelia, KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, ililitatua mwaka 2012. Aliyelifanyia kazi ni Alex Williamson, huyuhuyu wa VFIO. Muundo wa amri yake, KVM_IRQFD, ulikuwa na sehemu 3 kama wangu, kisha baiti 20 tupu mwishoni. Alipohitaji njia ya kurudi, alichukua baiti 4 kutoka kwenye zile 20, zikabaki 16. Ukubwa ni 32 kabla na 32 baadaye. Namba ya amri haikutikisika. Na kabla ya kuongeza flagi mpya, mwaka huohuo, kiraka kidogo kilitangulia: kuanzia sasa, flagi isiyojulikana inakataliwa. Niliposoma hicho kiraka nilifunga kompyuta nikaenda kutembea mpaka Dunga.

Ukipita mitaa yetu, Kondele au Nakuru kule Section 58, angalia nyumba za ghorofa moja: nondo zimechomoza juu ya paa. Mwenye nyumba hana pesa ya ghorofa ya pili leo, pengine hatakuwa nayo kamwe, lakini amewaachia watoto wake pa kuunganishia. Zile baiti 20 ndizo nondo. Ila nondo peke yake haitoshi. Usipokagua, wapangaji wataanika nguo juu yake, na siku ya kujenga utaambiwa hizo kamba ni haki yao. Ndiyo maana nasema, kagua flagi. Baiti tupu zikague pia, ziwe sifuri, la sivyo rudisha EINVAL, kosa la ombi batili, siku ya kwanza kabisa. Siku ya pili umechelewa. Ona Linux yenyewe: open(), amri ya kufungua faili, ilizoea kupuuza flagi isiyoijua, na haikuweza kurekebishwa bila kuvunja programu za watu, mpaka ikabidi iletwe openat2, ambayo inakataa.

Jambo lingine ni kuuliza kabla ya kuomba. Amri ya KVM ya kuuliza toleo, KVM_GET_API_VERSION, inarudisha 12, nayo haitarajiwi kubadilika. Uwezo mpya hauhesabiwi kwa toleo, unaulizwa mmojammoja kwa KVM_CHECK_EXTENSION. Programu inauliza, je, unajua hili? Ikijibiwa sifuri inashika njia ya zamani. VFIO inashika njia nyingine: kila muundo unaanza kwa argsz na flagi, programu inajitajia yenyewe ukubwa iliokuja nao. Zote mbili ni nzuri. Isiyo nzuri ni ile ya kwangu, ya kukisia ukiwa ndani ya matatu.

Na msiniambie kwamba vya kale huwa vinafutwa. Ndiyo, KVM ilifuta njia yake ya kwanza ya kukabidhi vifaa mwaka 2017. Lakini VFIO ilikuwa imeshakaa ndani ya kerneli miaka 5, watu wamehama. Wewe unafuta kiolesura cha mwezi uliopita na kuita hiyo ni usafi. Vijana, acheni.

Niliporudishiwa moduli, maana yule kijana alipata kazi Nairobi, sikugusa amri ya zamani. Niliiacha na takataka zake, ikipuuza flagi kama ilivyozoea. Pembeni nikaweka amri mpya yenye namba yake, muundo wa baiti 64, nyingi zikiwa tupu na zote zikikaguliwa, pamoja na amri ndogo ya kuuliza uwezo. Programu mpya inauliza kwanza. Ya 2017 haiulizi chochote, na picha zake bado zinarukaruka kidogo kama zamani. Mteja hajawahi kulalamika.

Nakala ya programu hiyo ninayo kwenye flashi, droo ya juu, chini ya risiti za stima. Kila kerneli mpya ikija, huanza na hiyo.