Maswali ya Wasomaji: Msimu Mpya wa Matamasha ya Filamu

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: matamasha ya filamu ya kimataifa yanakaribia kufungua milango yake tena, na wasomaji wanataka kujua yanavyoendeshwa na wao wanaingiaje. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha.

Kila ifikapo Agosti nasikia kwamba "msimu" wa matamasha umeanza. Kwa nini uanze mwezi huo na usianze Januari kama miaka mingine yote? (Mwalimu, Mwanza)

Mwalimu, mwaka wa sinema haufuati kalenda tunayoitundika ukutani. Huanza mwishoni mwa Agosti katika kisiwa cha Lido, ng'ambo ya maji kutoka Venice, Italia, ambako tamasha kongwe kuliko yote duniani lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1932, barazani mwa hoteli moja. Hata hivyo, ukongwe si sababu pekee. Tuzo za Oscar hutolewa kila mwaka kati ya Februari na Aprili, na mtayarishaji anayezitamani hapendi filamu yake ionekane mapema mno, kwa sababu siku ya kupiga kura ikifika wapiga kura watakuwa wameshaisahau. Ndiyo maana katika muda wa wiki tatu hivi hufuatana matamasha matatu mazito: Venice, Telluride na Toronto. Telluride ni mji mdogo katika milima ya Colorado, Marekani, na waandaaji wake wana tabia moja inayonifurahisha: hawatangazi orodha ya filamu mpaka siku moja kabla ya kufungua, kwa hiyo watu hununua tiketi za bei kubwa na kusafiri hadi huko bila kujua watatazama nini. Toronto, iliyoanza mwaka 1976 kwa jina la Tamasha la Matamasha, tuzo yake inayotajwa zaidi hutokana na kura za watazamaji wenyewe, si uamuzi wa jopo la majaji.

Baada ya hapo huja London mwezi Oktoba, kisha Carthage huko Tunis mwishoni mwa mwaka, halafu Sundance ya Marekani na Rotterdam ya Uholanzi mwezi Januari (Sundance inahamia Boulder, Colorado, kuanzia mwaka 2027, baada ya miongo mingi huko Park City), Berlin mwezi Februari, na katika miaka yenye tarakimu witiri huja FESPACO, tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanzishwa mwaka 1969. Cannes ya Ufaransa hufika Mei. Zanzibar, Durban na Locarno ya Uswisi huangukia katikati ya mwaka, ndipo Lido hufunguliwa tena. Kwa mtu wa pwani, njia nyepesi ya kukumbuka ni pepo na mvua: Venice huja kusi ikielekea kuisha, Sundance, Rotterdam na Berlin huja wakati wa kaskazi, na Cannes huja katika masika.

Shikamoo. Nimemaliza filamu yangu ya kwanza ndefu, ya Kiswahili, dakika 92. Wenzangu wengine wananishauri niirushe YouTube kwanza ipate watazamaji ndipo niitume kwenye matamasha. Wengine wanasema niitume kila mahali kwa pamoja. Nifuate ushauri upi? (Mwongozaji kijana, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Usifuate hata mmoja.

Kitu ambacho matamasha makubwa hugombania si filamu nzuri tu, bali onyesho la kwanza, na filamu yako ina onyesho la kwanza moja tu. Shindano kuu la Venice hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa mahali popote duniani. Cannes haiingizi katika shindano filamu ambayo imeshawekwa kwenye intaneti, wala iliyokwisha kuonyeshwa nje ya nchi yake. Berlin ina nafuu kidogo, kwa kuwa hukubali filamu iliyoonyeshwa nyumbani peke yake, nayo huliita hilo onyesho la kwanza la kimataifa. Sasa ukiirusha YouTube leo usiku kwa ajili ya watazamaji elfu tano, kesho asubuhi utakuwa umejifungia milango ambayo hata hujaibishia hodi. Kuituma kila mahali kwa pamoja kuna hatari nyingine: tamasha dogo la mji usioujua linaweza kukujibu mapema, ukakubali kwa furaha, na wiki tatu baadaye tamasha kubwa likakuandikia kuuliza kama filamu bado haijaonyeshwa. Nimewaona vijana wawili yakiwakuta hayo, na wote wawili walilia kwa simu.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike kwanza tamasha moja au mawili ya ndoto yako, kisha manne au matano ambayo kwa haki yanalingana na filamu uliyonayo, kisha ya nyumbani na ya jirani: Zanzibar, Durban, Carthage, Ouagadougou. Mbele ya kila jina andika tarehe ya mwisho ya kupokea filamu, tarehe ya majibu, na sharti la onyesho la kwanza, ambalo utalisoma katika kanuni za tamasha lenyewe na si katika maneno ya rafiki. Tuma kwa kufuata mpangilio huo, ukisubiri jibu la lile gumu kabla hujalikubalia lile jepesi. Usidhani kwamba ya nyumbani yamewekwa mwisho kwa kudharauliwa. Mengi kati yao hayadai filamu iwe haijaonyeshwa popote, ndiyo maana yanaweza kukusubiri. Tazama safari ya *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi: ilionekana kwa mara ya kwanza Toronto mwezi Septemba 2021, na mwaka 2022 ikatwaa Tanit ya Dhahabu, yaani tuzo kuu, huko Carthage na pia ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar. Kama ingeanzia mtandaoni, safari hiyo isingekuwapo.

Kuhusu ada: ni dola kadhaa kwa kila tamasha, hazirudishwi, na zikijumlishwa zinaweza kumaliza pesa za matengenezo ya sauti. Kabla ya kulipa, andika barua pepe fupi ukiomba kusamehewa ada. Matamasha mengi huwasamehe waongozaji wa Afrika, ila hayatangazi jambo hilo kwa sauti. Eleza wewe ni nani, filamu inahusu nini kwa sentensi mbili, na bajeti ilikuwa kiasi gani. Usisimulie dhiki za maisha yako.

Nimalizie na la ndani zaidi. Kwa miaka michache nilikuwa mmoja wa watu wanaozitazama kwanza filamu zilizotumwa kwa niaba ya kamati ya uteuzi ya tamasha fulani, kazi ambayo haina zulia jekundu hata kidogo: ni kompyuta mpakato, vipokea sauti masikioni, chai iliyopoa, na orodha ya filamu kumi na nne zinazotakiwa kuisha kabla ya Jumatatu. Picha inayotikisika niliivumilia mara nyingi, lakini upepo uliovuma ndani ya maikrofoni, au jenereta ya jirani iliyonguruma chini ya mazungumzo kisha ikakatika ghafla mhariri alipobadilisha picha, ulinitoa katika hadithi nisirudi tena. Kama zimekubakia fedha kidogo, zipeleke kwenye sauti. Tena hakikisha kiungo cha filamu yako kinafunguka na nenosiri halijaisha muda, kwa kuwa mtazamaji aliyechoka hatakuandikia kukuomba jingine. Atafungua filamu inayofuata.

Ukishapata majibu yote, na safari ya matamasha ikaisha, iweke YouTube.

Nimepewa kazi ya kuandika tafsiri ya Kiingereza itakayopita chini ya picha katika filamu ya Kiswahili inayokwenda kwenye matamasha ya Ulaya. Ni mara yangu ya kwanza. Nizingatie nini? (Mtafsiri, Muscat)

Dada, umepewa kazi ambayo huweza kuiua filamu bila mtu kujua nani aliyeiua. Sheria za kawaida utazizoea upesi: mistari isizidi miwili kwa wakati mmoja, kila mstari usivuke herufi arobaini na kidogo, na maneno yakae kwenye pazia kwa muda wa kutosha kusomwa na mtu asiye na haraka. Jambo gumu ni lugha yenyewe.

Niliwahi kukaa katika ukumbi ng'ambo, filamu ya kwetu ikiendelea, katika tukio ambalo jirani anaingia kwenye nyumba yenye msiba, anaketi kwenye mkeka karibu na mjane, anamshika mkono na kusema "pole". Mtafsiri aliandika neno la Kiingereza la kuomba radhi. Mama mmoja wa Kizungu aliyeketi kando yangu alishtuka, akamnong'oneza mumewe, na filamu ilipokwisha akaniuliza kwa nini polisi hawakumkamata yule jirani ilhali alikwisha kukiri. Kwa saa nzima alikuwa akitazama filamu ya mauaji ambayo mwongozaji hakuitengeneza.

Kwa hiyo usitafsiri neno, tafsiri linalofanyika. "Pole" ya msibani si "pole" ya aliyejikwaa, wala si ile ya mtu aliyerudi kazini amechoka. "Shikamoo" katika tukio moja ni salamu tu, na katika jingine ni kijana kumwonyesha mkwe kwamba amekubali kushindwa. Penye methali, usiieleze. Tafuta maneno machache yenye uzito uleule hata kama mnyama aliyemo atapotea. Na mwombe mwongozaji akae nawe siku nzima mtazame pamoja, hata akisema hana nafasi.

Kwa nini Afrika Mashariki haijawahi kushinda Cannes? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Si Afrika Mashariki peke yake. Filamu ya nchi ya Afrika iliyoongozwa na Mwafrika na kutwaa tuzo ya juu ya Cannes ni moja, ile ya Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria mwaka 1975. Kenya iliingia katika uteuzi rasmi wa tamasha hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2018 kupitia *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, mwaka uleule ambao *Supa Modo* ya Likarion Wainaina ilionyeshwa Berlin. Kabla hujauliza kuhusu kushinda, fikiria ni filamu ngapi za eneo letu zinazofika hata kwenye meza ya kamati zikiwa na fedha za kutosha kumalizwa sawasawa. Filamu nyingi za shindano la Cannes zina watayarishaji wa nchi tatu au nne na ruzuku za serikali zao. Kwa wanaoanza, mfuko wa Hubert Bals wa Rotterdam na World Cinema Fund wa Berlin huwasaidia waongozaji wa mabara yetu, nayo ni milango inayofaa kugongwa mapema, filamu ikiwa bado ni maandishi.

Ila nina shaka na swali lenyewe. Mwaka 2019 tuzo kuu ya FESPACO ilikwenda kwa Joël Karekezi wa Rwanda, na mwaka 2021 ikaenda kwa Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Somalia. Mara mbili mfululizo farasi wa Ouagadougou, ambaye ndiye tuzo hiyo, alikuja upande wetu wa bara, na magazeti yetu yaliandika machache mno kuliko yanavyoandika juu ya gauni la mwigizaji mmoja huko Cannes.

Naomba kufahamu maana ya Dubu, Simba na wengineo wanaotajwa katika tuzo. (Msomaji, Bujumbura)

Kwa ufupi: Simba wa Dhahabu ni wa Venice, ambayo nembo yake ni simba mwenye mabawa wa Mtakatifu Marko, Dubu ni wa Berlin, ambao wana dubu katika ngao ya mji, Chui ni wa Locarno. Farasi wa FESPACO ni yule wa binti mfalme Yennenga katika simulizi za Wamossi. Tanit wa Carthage alikuwa mungu wa kike wa mji huo wa kale. Cannes hutoa Palme d'Or, ambayo mimi naiita Kuti la Dhahabu, na mtu wa Mrima akiliona atacheka kwamba wenzetu wanavishana kitu sisi tunachoezekea banda. Zanzibar hutoa Jahazi la Dhahabu, na hilo sidhani linahitaji maelezo.

Mimi si mtu wa kamera, ni mtazamaji tu, mama mwenye umri. Haya matamasha yananihusu? (Msomaji, Bagamoyo)

Yanakuhusu kuliko yanavyowahusu wengi wanaopigwa picha huko. Huko Locarno huwekwa pazia katikati ya uwanja wa mji na viti 8,000, wenyeji wakaja na watoto wao. Mfano huo ninao hapa karibu na wewe pia: Zanzibar, ndani ya Ngome Kongwe pale Forodhani, ambako tamasha lilianza mwaka 1998. Onyesho la usiku hungoja giza liingie na adhana ya Isha iishe, ngazi za mawe hujaa watu wa rika zote, na upepo wa bahari ukizidi pazia hujikunja kidogo hata uso wa mwigizaji ukaonekana unacheka mahali asipocheka.

Mama, ukipata nafasi ya kuvuka, nenda siku ya filamu fupi. Kwa jioni moja utatazama sita au saba, na ikikuchosha moja hutaingoja muda mrefu. Fika mapema upate ngazi za juu, kwa kuwa za chini vichwa vya watu vinaziba maandishi. Na uchukue khanga mbili: moja ya kukalia, maana mawe yale hubaki na joto hadi saa tatu kisha yakapoa ghafla, na nyingine ya mabegani.