Maswali ya Wasomaji: RNA ndogo na saratani za watoto

Shikamooni wataalamu. Mtoto wa dada yangu ana uvimbe wa Wilms kwenye figo. Daktari ametaja mikroRNA. Ni nini hiyo, na je, kuna tulichokosea katika malezi? (Mama mdogo, Morogoro)

Marahaba, mama mdogo, na poleni sana. Hakuna mlichokosea.

MikroRNA ni kipande cha RNA (molekuli inayofanana na DNA) chenye herufi 22 hivi. Hakitengenezi protini, hushika RNA mjumbe ya jeni nyingine, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, na kuinyamazisha. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kazi waliyoitangaza mwaka 1993, wakichunguza mnyoo mdogo. Ili mikroRNA ipatikane, kimeng'enya DROSHA hukata uzi mrefu ndani ya kiini cha seli, kisha DICER1 humalizia nje ya kiini. Katika baadhi ya visa vya uvimbe wa Wilms, jeni ya DROSHA ina hitilafu. Nyuzi hazikatwi, mikroRNA kama let-7 zinazosaidia seli kukomaa zinapungua, na seli za figo zinabaki changa huku zikiendelea kugawanyika.

Hitilafu ya DROSHA kwa kawaida huzuka ndani ya uvimbe wenyewe. Ya DICER1 ndiyo inayoweza kurithiwa. Kwa hiyo, kama kuna ndugu aliyepata uvimbe wa mapafu akiwa mdogo, goita yenye vinundu ujanani, au uvimbe wa ovari, mwambieni daktari. Matibabu hayabadiliki kwa sasa: ni upasuaji pamoja na dawa kama vincristine na dactinomycin, na dozi zisirukwe.

Tunapima mikroRNA za kirusi cha Epstein-Barr kwenye plazma (maji ya damu) ya watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu inayohusishwa na kirusi hicho. Tunalinganisha na miR-16, mikroRNA ya mwili wenyewe, lakini yenyewe inapanda na kushuka hata kwa sampuli za siku moja. Kosa liko wapi? (Mteknolojia wa maabara, Kampala)

Kosa ni hiyo miR-16. Imejaa ndani ya chembe nyekundu za damu, na zikipasuka humwagika kwenye plazma. MikroRNA za kirusi, zile za kundi la BART, hazitoki huko. Basi sampuli iliyoharibika itaonyesha kirusi kimepungua, kumbe ni kigawanyo, yaani miR-16, kilichopanda. Mtafiti anaweza kudhani dawa imefanya kazi!

Anzeni kwenye sindano. Kwa watoto, sindano nyembamba mno, kuvuta bomba kwa nguvu na kusukuma damu kwenye tyubu kupitia sindano ndivyo vinavyopasua chembe. Tumieni tyubu yenye EDTA ya kuzuia damu kuganda, kamwe si ya heparini, maana heparini huzuia PCR, kipimo kinachonakili vinasaba ili vihesabike. Zungusheni kwenye sentrifuji ndani ya saa mbili: 2,000 g kwa dakika 10, hamisheni plazma bila kugusa utando mweupe wa chembe nyeupe, kisha mzungushe tena kwa 12,000 g kuondoa chembe sahani. Gaweni mikrolita 200 kwa kila kichupa na mgandishe kwa nyuzi −80.

Msitegemee macho; plazma ya njano inaweza kuwa mbovu. Pimeni ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414: ukizidi 0.2, sampuli ina shaka. Halafu toeni Ct (mzunguko wa PCR ambapo ishara huanza kuonekana) ya miR-451a, iliyojaa kwenye chembe nyekundu, kwenye Ct ya miR-23a, isiyoathiriwa nazo: chini ya 5 ni nzuri, juu ya 7 itupeni.

Wekeni cel-miR-39, ya mnyoo, kama kidhibiti, lakini baada ya kimiminika cha kuvunja seli. Ikitangulia, vimeng'enya vya plazma huila yote na mtaishia kuilaumu safu ya kuchujia. Safu yenyewe iwe ya RNA ndogo. Ya kawaida, yenye ethanoli kidogo, hupitisha vipande vifupi moja kwa moja hadi kwenye taka.

Kama mikroRNA imepungua, kwa nini mtoto asirudishiwe? (Mwanafunzi, Nairobi)

Limejaribiwa kwa watu wazima. MRX34, dawa iliyo nakala ya mikroRNA iitwayo miR-34a, ilianza majaribio mwaka 2013 na kusimamishwa 2016 kwa sababu ya athari kali za kinga ya mwili. Shida nyingine ni usafiri: RNA tupu huharibika upesi kwenye damu, na ile iliyofungwa kwenye vitone vya mafuta huishia zaidi kwenye ini. Lakini neuroblastoma, saratani ya seli changa za neva kwa watoto ambayo miR-34a ilitazamiwa sana kuitibu, mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo na kusambaa hadi uboho.