Barua kwa mwanangu aliyesema "ni sawa"

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu baba yako akaniomba nizime simu tulale. Usingizi haukuja. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungekatizana.

Umeniambia kipima unyevu kilisoma 16, tena umekishika kwa mkono wako, na unajua mahindi ya kuingia ghalani hayatakiwi kuzidi asilimia 13.5. Kwenye kikao meneja akauliza kama shehena ipokelewe. Wa kwanza akasema ni sawa, wa pili ni sawa, wa tatu ni sawa, zamu ikakufikia na wewe ukasema ni sawa. Halafu unaniuliza: "Mama, mimi ni mwoga? Na nikirudi sasa hivi kusema, si nitaonekana kituko?"

Nianze na hilo la woga. Unajua nimefundisha wauguzi miaka mingi, na kila mwaka tulipofika kwenye saikolojia ya jamii nilikuwa nawaeleza jaribio linalofanana na kikao chako hadi kwenye ule mzunguko wa zamu.

Aliyelifanya anaitwa Solomon Asch. Alizaliwa Warsaw mwaka 1907. Akiwa na miaka saba, usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, aliona kikombe cha divai mezani ambacho hakikuwa cha mtu yeyote. Akaambiwa ni cha nabii Eliya, na akikodoa macho ataona divai inapungua. Akakodoa, na akaona kama imepungua kidogo. Alikuja kukisimulia kisa hicho akiwa profesa Marekani, na nadhani ndiyo maana hakuwahi kuwacheka watu aliowachunguza.

Miaka ya 1950 alikuwa akiwakalisha vijana wa chuo meza moja na kuwaonyesha kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine ina mitatu, nao waseme upi kati ya hiyo mitatu unalingana na ule mmoja. Mtoto wa darasa la pili angejibu. Lakini waliokuwa pale mezani wote walikuwa wamepangwa na Asch, isipokuwa kijana mmoja aliyewekwa karibu na mwisho wa zamu. Katika raundi 18, mara 12 waliopangwa walitoa jibu moja la makosa, kwa sauti, bila kupepesa. Vijana robo tatu walifuata makosa hayo angalau mara moja. Kwa jumla, katika raundi hizo 12, jibu moja katika kila matatu lilikwenda na wengi. Mtu akifanya peke yake hakosei hata mara moja kwa mia.

Asch aliongea nao baadaye mmoja mmoja. Wengine walisema waliona wazi ila hawakutaka kuharibu mambo. Wengine walidhani macho yao yana tatizo. Umesema ulipotoka kikaoni ulirudi kukiangalia kipima kama kimeharibika, nami nikawakumbuka hao.

Kuna jambo nililifundisha vibaya kwa muda mrefu na linaniuma. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, "Mnaona binadamu ni kondoo?" Kumbe majibu mawili kati ya matatu yalikuwa sahihi, huku meza nzima ikisema vingine! Na sehemu nzito kuliko zote niliipitia mbio mbio kwa sababu mtihani hauiulizi. Asch alipoweka mtu mmoja tu mezani anayesema ukweli, makosa ya yule kijana yalishuka hadi robo ya yale ya mwanzo. Hata mwenzake huyo alipotoa jibu baya zaidi kuliko la wengi, bado kijana alipata nguvu ya kusema analoliona. Ilitosha kwamba sauti za mezani hazikuwa moja tena. Mwenzake akigeuka na kujiunga na wengi, kijana alirudi kukosea sana. Lakini akiitwa nje tu na kuondoka, kijana aliendelea kujitegemea kuliko pale alipogeukwa.

Sasa nikuambie la wodini, ambalo sijawahi kukusimulia. Hospitali yenyewe siitaji. Ulikuwa hujazaliwa. Daktari aliandika dozi ya mtoto mchanga, na nilipoisoma mkono ukawa mzito. Wauguzi wawili wakubwa zangu walikuwa wameshaipitia wakanyamaza. Nikaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Mhudumu aliyekuwa anadeki sakafu, mama ambaye hakusomea dawa hata siku moja, akaniuliza polepole, "Dada, mbona leo nyingi hivyo?" Basi. Nikaweka sindano chini, nikaenda kumgongea daktari mlango. Alikuwa amekosea nukta. Mtoto yule alipona. Najua ningemchoma, Neema. Nilikuwa nimeshaanza.

Ndiyo maana utafiti wa Charles Hofling wa mwaka 1966 haukunishangaza. Huko Marekani, mtu aliyejiita daktari aliwapigia simu wauguzi 22 akiwaamuru watoe miligramu 20 za dawa ambayo kopo lake limeandikwa wazi kwamba kikomo kwa siku ni 10. Dawa ilikuwa ya uongo, haina madhara. Wauguzi 21 walikuwa tayari kuitoa. Mwaka 1977 wengine wakarudia, safari hii kwa dawa inayojulikana, Valium, ile ya kutuliza wasiwasi, na wauguzi wakiwa huru kuulizana wao kwa wao. Kati ya 18, waliokuwa tayari kuitoa ni wawili tu. Waliijua dawa na walikuwa na mtu wa kumuuliza. Wewe mahindi unayajua. Ulikosa mtu wa kumuuliza.

Ninafahamu tulivyokulea. Mkubwa akisema, mdogo anasikiliza. Mwaka 1996 watafiti walikusanya majaribio 133 ya aina ya Asch kutoka nchi 17, wakaona watu hufuata wengi zaidi katika jamii zinazotanguliza kundi. Sikuombi uyatupe malezi yetu. Heshima haikuzuii kusema, "Samahani meneja, naomba kabla hatujafunga nisome namba ya kipima." Umemsomea namba, hujamvunjia heshima. Na vikao vijavyo omba kila mtu aandike kipimo chake kwenye karatasi kabla ya yeyote kuongea. Kwa Asch, kijana aliporuhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka, kuwafuata wengi kulipungua sana.

Lakini la leo haliwezi kusubiri kikao kijacho. Mahindi ya 16 kwenye magunia yaliyopangwa yatapata joto, ukungu utaingia, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo. Ugali wa shehena hiyo utalishwa watoto wa watu. Kuonekana kituko ni kidogo mbele ya hilo, na nakuambia hivyo nikijua mshahara wako unasomesha wadogo zako.

Ulitaja jambo ukalipita haraka: mtunza ghala hakusema ni sawa kama wenzake, aliitikia kwa kichwa tu huku ameinamia daftari. Nimelisikiliza tena na tena hapo. Huyo kijana anashinda na magunia kutwa, hawezi kuwa hajui. Huenda alikuwa anakusubiri wewe, kama wewe ulivyokuwa unamsubiri yeye. Mtafute asubuhi kabla meneja hajafika. Usimhubirie. Mpe bambo, kile chuma cha kutolea sampuli kwenye gunia, atoboe magunia matano anayoyachagua mwenyewe, mpime pamoja, aandike namba kwa mkono wake. Kisha mwingie ofisini wawili, na karatasi moja. Akikataa kwenda nawe, nenda na karatasi peke yako, ila nadhani atakwenda.

Nipigie ukishatoka. Nitakuwa jikoni, simu naiweka dirishani penye mtandao.

Mama yako