Maswali ya Wasomaji: Nyimbo zipi za Bikira Maria tuwafundishe waamini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kigango cha kijijini. Paroko ameniagiza niwafundishe waamini wote, si wanakwaya peke yao, nyimbo za Bikira Maria kabla ya mwezi wa Rozari, yaani Oktoba, na nimebakiwa na Jumapili nne. Kwaya yetu ina nyimbo za Mama Maria zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa tungo mpya za sauti nne, lakini tunapoziimba waamini hukaa kimya wakisikiliza. Nichague zipi? Na je, inafaa kuimba wimbo wa Bikira Maria wakati wa komunyo?

JIBU: Milele amina. Kwa Jumapili nne, mwalimu, nakusihi ufundishe nyimbo mbili tu, na zote mbili zitokane na maneno ambayo waamini wako tayari wanayasali.

Wa kwanza uwe Salamu Malkia. Hiyo ndiyo sala ambayo wanajumuiya huimalizia Rozari, kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anayo moyoni kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kazi yako itakuwa kumpa tuni peke yake. Tena ndiyo antifona, yaani wimbo mfupi wa liturujia, ambayo Kanisa limezoea kumwimbia Mama Maria kuanzia baada ya Pentekoste hadi Majilio, hivyo Oktoba iko ndani ya majira yake. Pasaka ikifika utawafundisha Malkia wa Mbingu, ambayo wakati huo husaliwa badala ya Malaika wa Bwana. Lakini usiiguse katika Kwaresima, kwa kuwa kila mstari wake unaishia na aleluya. Antifona nyingine mbili, ya Majilio na Noeli na ile inayofuata baada ya tarehe 2 Februari, waachie wanakwaya kwa sasa.

Wa pili uwe utenzi wa Bikira Maria mwenyewe, yaani Luka 1:46–55, ambao Kanisa huuimba kila siku katika Masifu ya Jioni. Waamini washike kiitikio, kwaya iimbe mashairi. Nauweka mbele ya tungo zote mpya kwa sababu unatufundisha namna ya kuzipima hizo nyingine: katika aya ya 47 Maria anamwita Mungu “Mwokozi wangu”. Basi ukikuta wimbo unaomwita Maria mwokozi, au unaomwomba atoe kwa uwezo wake mwenyewe kile anachotoa Mungu peke yake, uweke kando hata kama tuni yake inawainua watu vitini. Ukikuta unamwambia “utuombee”, uko katika njia ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unataka maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kanisa Katoliki na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika chemchemi za liturujia. Nimeona kwaya nyingi zikichagua wimbo kwa mdundo kwanza na kusoma maneno baadaye, na jambo hilo hunisikitisha, kwa maana kile ambacho watu wanakiimba kila wiki ndicho wanachokuja kukiamini.

Kuhusu ukimya wa waamini, chunguza kwanza ufunguo unaoimbia. Walimu wengi hupandisha wimbo ili sauti ya kwanza ing’ae, na baba aliyetoka shambani hawezi kuufikia. Ushushe, uchague tuni isiyozidi oktavu moja, yaani kutoka do ya chini hadi do ya juu, na kwa Jumapili hizo nne wote waimbe sauti moja bila kinanda. Tumia dakika kumi kabla ya Misa, kiitikio kwanza, mstari kwa mstari, huku wanakwaya wakiwa wametawanyika katika mabenchi miongoni mwa watu. Sauti nne zitarudi baadaye, watu wakishaushika wimbo.

Juu ya komunyo, wimbo wa wakati huo unakusudiwa kudhihirisha umoja wa wale wanaoupokea Mwili wa Kristo, kwa hiyo katika Jumapili za kawaida imba wimbo wa Ekaristi, na ule wa Mama Maria uuweke mwishoni mwa Misa. Hata hivyo, usimkemee mtu kana kwamba jina la Maria limekatazwa pale. Katika Misa ya Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti, antifona ya komunyo katika Misale imetoka katika utenzi huohuo wa Luka, pale Maria anaposema kwamba vizazi vyote vitamwita mwenye heri, kwa kuwa Mwenyezi amemtendea makuu. Siku hiyo waamini wako, wakiwa wameushika tangu Oktoba, wataweza kuuimba wakiwa katika mstari wa kukomunika, bila kitabu mkononi.