Mtindo wako umo kwenye picha unazozibakiza

Mwenzetu wa Nakuru ameuliza hivi: ana kamera ndogo ya Canon na lenzi mbili zilizokuja nayo, ile fupi ya milimita 18-55 na ile ndefu ya 75-300, ambayo anafikiria kuiuza. Amepiga picha miaka kadhaa, marafiki wanamsifu, lakini akizitazama mwenyewe anaona zinafanana na za kila mtu. Anataka kujua kama anunue kamera ya fulufremu, yaani yenye kihisi kikubwa zaidi, anunue preseti, yaani mipangilio ya kuhariri iliyotengenezwa tayari, au aende chuo, ili apate mtindo wake. Nimesoma majibu yaliyotangulia na wengi wamejikita kwenye kamera. Mimi napiga picha hapa Kisumu. Nilianza kwa mapenzi tu, kazi za kulipwa zikaja baadaye, na kwa niliyoyapitia naamini mtindo hauji wakati wa kupiga. Unakuja wakati wa kuchagua, pale unapoamua picha gani ibaki na gani iende. Ngoja nieleze, kisha nitarudi kwa maswali yako.

Wapiga picha wengi wa Kisumu huanzia ufuo wa Dunga, nami nilianzia huko huko. Ukisimama pale, Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria imefunguka upande wa magharibi, kwa hiyo jua linazama upande wa maji mbele ya macho yako. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua linashuka wima. Likishazama una kama dakika 20 hivi kabla giza halijashika. Matokeo yake ni kwamba sote tunasimama sehemu ileile, katika dakika zilezile, tukiwa na mtumbwi mmoja katikati ya fremu na mafunjo pembeni. Picha ni nzuri, sizidharau hata kidogo, baadhi zangu ziko kwenye kuta za ndugu na jamaa. Lakini uzuri ule ni wa ziwa. Zipange picha za namna hiyo kutoka kwa watu tofauti, nami siwezi kukwambia ipi ni ya nani. Ninyi wa Nakuru nadhani mna flamingo wenu wanaofanya kazi hiyohiyo.

Kilichonifungua macho ni kuchapisha. Mjini palikuwa na mzee mwenye studio ya zile za zamani, pazia lenye maua, kiti kimoja, picha za pasipoti na za familia. Nilikuwa nachapisha kwake saizi ndogo, inchi nne kwa sita. Siku moja mvua ya alasiri ilinyesha, hakuna mteja aliyeingia, akaniambia nizimwage zote juu ya kaunta. Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana wangu, toa zote ulizopiga ili usifiwe." Machweo yakaondoka. Miamba ya Kit Mikayi ikaondoka. Mnara wa saa ukaondoka. Zikabaki chache: fundi wa cherehani ameinama, mtoto amelala juu ya magunia, mama anakunja nguo za mitumba. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia, "Mzee, naona watu wa sokoni." Akatikisa kichwa. "Watu wa sokoni wanapigwa na kila mwenye kamera. Tazama mwanga."

Hapo ndipo nilipoona. Kila picha iliyobaki ilikuwa kivulini, na ndani ya kivuli kuna kipande kimoja cha jua. Hakuna mbingu. Hakuna mtu aliyetazama kamera. Nilikuwa nimezipiga nyakati tofauti bila mpango wowote, na jicho langu lilikuwa limekwenda palepale kila mara.

Nataka uelewe kwa nini jambo hili halionekani kwenye simu au kompyuta. Wakati wa kupiga unashughulika na kasi ya shata, fokasi, mtu anayepita. Kwenye skrini unazitazama moja baada ya nyingine, na kila moja unaihukumu peke yake: hii kali, ile imetikisika. Mezani zinakaa pamoja, na kinachojirudia kinajitokeza chenyewe. Ndiyo maana nasema mtindo unao tayari. Umefunikwa tu na picha ulizopiga kwa ajili ya wengine.

Baada ya hapo nilianza kwenda soko la Kibuye nikijua ninachokitafuta. Aliyewahi kufika siku ya Jumapili, ambayo ndiyo siku kubwa, anajua vibanda vilivyobanana, maturubai ya buluu juu, mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Saa sita mchana, wakati wenzangu wanasema jua liko utosini na hakuna picha, ndiyo saa yangu. Jua linapenya tunduni na kuangukia bega la mtu, rundo la nyanya, noti inayohesabiwa. Pembeni yake pote ni buluu ya turubai, mpaka kwenye nyuso.

Buluu hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Ukiiacha kamera ijichagulie rangi ya mwanga, itajitahidi kuifuta, na likija doa la jua litageuka njano ya ajabu. Niliifunga kwenye rangi ya jua la mchana, kelvini 5500 hivi. Doa la jua likabaki na rangi yake halisi, kivuli kikabaki buluu kama macho yalivyokiona. Watu waliniambia nirekebishe. Sikurekebisha, kwa sababu zile picha zilizobaki kwenye kaunta zote zilikuwa na buluu hiyo, na nilijua sasa kwamba ndiyo iliyonivuta.

Kuna suala la ngozi pia, na hili nalisema kwa kila kijana anayeanza. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inauangaza kupita kiasi mpaka unaonekana umepauka. Uso huohuo ukiwa mbele ya ziwa linalong'aa, inaugeuza kuwa kivuli kitupu. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi: kwa miongo mingi kadi za Kodak ambazo maabara zilitumia kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Ngozi yetu haikuwa kipimo. Kwa hiyo kipimo utakitafuta wewe mwenyewe. Mimi napima kwenye lile doa la jua shavuni, kisha naacha kivuli kiende chini kadiri kitakavyo. Ngozi nyeusi inashika mng'ao vizuri sana; shavu, paji la uso na vifundo vya vidole vinachora umbo lote bila kuongezwa taa. Mtu akikwambia picha yako ni ya giza, muulize kwanza kama ameuona uso.

Kuhusu watu wenyewe. Kuna mama mmoja anauza omena, dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za biashara, nikaomba kumpiga picha. Akasema, "Mwanangu, uso wangu leo usiupige, sijajipanga. Piga mikono, hii ndiyo inayofanya kazi." Nikapiga mikono. Alikuwa anachota omena kavu, anajaza mkebe, anaongeza kiganja kimoja cha juu kwa mteja wake wa kila siku. Magamba madogo yalikuwa yamenata kwenye vidole mpaka kwenye kucha, na mkono ulipopita kwenye doa la jua yote yakawaka rangi ya fedha, kisha ukarudi kwenye buluu. Hiyo ndiyo picha ninayoulizwa mpaka leo. Nilimrudishia iliyochapishwa alipokuwa kibandani Jumapili iliyofuata, akaizungusha kwa majirani. Tangu hapo nikipita mstari ule naitwa kwa jina, na mikono ikawa mfululizo mzima: ya fundi viatu, ya msusi, ya kinyozi, ya mchuuzi anayefunga sukuma wiki kwa ukambaa. Kurudisha picha kuna gharama, lakini ni haki ya mtu, na hakuna kifaa kitakachokufungulia mlango kwa namna hiyo.

Lenzi nayo ina mkono wake katika jambo hili. Natumia ya milimita 35, basi. Vibanda vya Kibuye ni vyembamba, ukiwa na lenzi ndefu mgongo wako uko ndani ya kibanda cha jirani. Na kwa 35 lazima umsogelee mtu hadi umbali wa kumsalimu, huwezi kumwibia picha kutoka ng'ambo ya barabara. Kamera yangu ni fulufremu; kwenye Canon yako yenye kihisi kidogo, lenzi ya milimita 24 inakupa upana unaokaribia huo, na zipo za mkono wa pili.

Watu huogopa kujibana hivi wakidhani wanajifungia. Mtazameni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, akipiga uani kwa mwanga wa jua. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye pindo la nyuzi. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo Keïta alimpangia mteja mikono, kichwa na nguo kwanza, ndipo apige. Mapazia alikuwa akiyabadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye yakamsaidia kujua picha ni ya mwaka gani. Leo picha ya Keïta unaitambua ukiwa mlangoni. Sasa katika mji huohuo alikuwepo Malick Sidibé, yeye akawafuata vijana kwenye dansi zao usiku na flashi, kisha kwenye studio yake ndogo, mpaka mwaka 2007 akatunukiwa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Mji mmoja, ngozi ileile, jua lilelile, na huwezi kuwachanganya hata kidogo. Kila mmoja alijua anachokibakiza.

Preseti sasa. Preseti ni maamuzi ya mtu mwingine juu ya mwanga wa mahali pengine. Zile zinazouzwa sana za machungwa na kijani-buluu zimetengenezewa ngozi nyeupe, na ukizimwaga juu ya uso wa mtu wetu unapata rangi ya matofali au ya majivu. Hariri faili zako za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata, mwenyewe, polepole. Ukijikuta unarudia hatua zilezile kwa picha nyingi, zihifadhi. Hiyo itakuwa preseti yako, na haina bei.

Wapo watakaosema hiyo ni sanaa, kodi ya nyumba inalipwa na harusi. Ni kweli, nami nalipwa na harusi na mahafali ya Chuo Kikuu cha Maseno. Sijawahi kuona aibu kwa kazi hizo. Zimenipa wepesi wa mkono. Ila nikwambie kilichonitokea baada ya kutundika ile mikono ukutani kwenye mkahawa mmoja Milimani. Bwana harusi mmoja alikuja akasema anataka harusi yake ipigwe "kama zile za sokoni". Nilifurahi mno, halafu nikawaza, maana hema la harusi ni jeupe, mwanga unatapakaa kila mahali, hakuna kivuli cha maana. Tulikubaliana na wenye mahema wakunje upande mmoja tu, ule wa jua, na kuacha pande nyingine zimeshuka. Jua likaingia kwa mstari, likawa linapita juu ya meza ya wazee. Nilipata mkono wa bibi wa bwana harusi juu ya mkono wa mjukuu wake, nusu kwenye jua. Familia nzima ilinyamaza walipoiona, na mama wa bwana harusi akaomba ichapishwe kubwa kuliko ile ya keki. Mteja sasa alikuwa amekuja kununua macho yangu, na bei niliyomtajia hakuipinga.

Basi nikujibu moja kwa moja. Chuo, ukiwa na karo, nenda, utajifunza taa, biashara na haki za picha zako, na utapata wenzako wa kukukosoa. Mtindo hawatakupa, na mwalimu mzuri atakwambia hivyo siku ya kwanza. Fulufremu iache kwa sasa, kamera yako inatosha kuchapisha hata kwa ukubwa wa bango la ukutani. Pesa uliyotenga chukua kiasi kidogo uchapishe picha zako za miaka yote hii, hata zile ulizozificha kwa kuona hazifai, hasa hizo. Zimwage chini sebuleni, uondoe zilizopigwa kwa ajili ya sifa, kisha umwite mtu asiyekuogopa azitazame nawe. Asiwe mpiga picha mwenzako wa kikundi cha WhatsApp, atakuuliza setingi.

Na hiyo 75-300 uliyosema unataka kuiuza, usiiuze bado. Mahafali yakifika pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, wazazi hukaa mbali na jukwaa na kila mmoja anataka picha ya mwanawe akiwa na joho. Kazi za siku hiyo zitakulipia uchapishaji.